Mbung'o Ambao Sikuwakamata

Juzi mlipokuja na daftari lenu la miche, mkanisomea kwamba mizeituni pori mliyoipanda mwaka jana imeshika karibu yote, niliwauliza nani kati yenu ameikagua shimo kwa shimo. Mkatazamana. Sikusema neno, maana mgeni hakaripiwi kabla hajanywa chai. Lakini mlipoondoka sikupata raha siku nzima, na ndiyo maana nimemwomba mjukuu wangu aandike haya ninayosema. Mlitaka kujua kile kichaka cha chemchemi, upande wa Basotu, kilinusurika vipi siku za Mwingereza wakati miti yote ya jirani ilifyekwa. Nitawaeleza. Ila mjue kabla hamjanisifu: aliyekaribia kukiua ni mimi.

Kazi yangu ilikuwa kukamata mbung'o. Msicheke, ilikuwa kazi ya mshahara na kofia. Baba yangu alikuwa mfanyabiashara Dongobesh, akiuza chumvi na vitambaa, na alitaka nirithi duka. Mimi nikaenda kukamata nzi. Watu wakimwuliza mwanao Hamisi yuko wapi, alijibu kwamba yuko serikalini, kisha akabadilisha mazungumzo haraka.

Tulikuwa watu watatu na ng'ombe mmoja. Ng'ombe wetu tulimwita Karani, kwa sababu alijua kusimama mahali pamoja muda mrefu bila kufanya lolote. Tulifuata njia iliyopigwa alama kwenye magogo, na kila baada ya mwendo fulani tulisimama. Hicho kiliitwa kituo. Mbung'o hupenda kitu cheusi kinachotembea, basi humfuata ng'ombe na kutua tumboni au miguuni mwake. Hapo unanyoosha wavu wako taratibu, kutoka nyuma, usiangushe kivuli chako juu yake. Mwenye haraka hapati kitu ila mateke ya ng'ombe. Ukimpata unamtia kwenye kichupa, unaangalia dume au jike, unaandika, mnasogea kituo kingine. Kwa namba zile wakubwa walijua mbung'o wako wapi, na pale walipo miti ilifyekwa. Mbung'o hawezi kuishi pasipo kivuli.

Aliyenifundisha yote hayo alikuwa Mzee Bura, Mwiraqw wa Bashay, mtu mfupi mwenye maneno machache. Hakujua kusoma, lakini alijua mbung'o kuliko waliosoma. Wiki yangu ya kwanza nilikamata nyuki nikamtia kichupani kwa fahari. Mzee Bura alikitazama kile kichupa, akanirudishia, akasema, "Mfungue wewe mwenyewe." Nilimfungua. Mkono ulivimba siku mbili.

Sasa niwaambie kosa.

Njia yetu ilikuwa na vituo kumi. Sita vya chini vilipita kwenye migunga, na huko mbung'o walikuwa wengi kweli. Vinne vya juu viliingia kwenye kichaka cha chemchemi: mikuyu mikubwa, mizeituni pori, na chini yake vichaka vidogo vilivyoshikana. Maji yale yalikuwa ya Wabarabaig wa pale. Ng'ombe wao walinywa hapo, na wanawake walichukua hapo vijiti vya mzeituni vya kufukizia vibuyu vya maziwa. Msiojua ladha ya maziwa ya kibuyu kilichofukizwa kwa mzeituni, poleni.

Msimu ule Mzee Bura alishikwa na mgongo akabaki kambini. Mwenzetu wa tatu alikwenda msibani kwao. Nikatoka peke yangu na Karani, mvua ya manyunyu, baridi ya mlima wa Hanang inateremka. Kwenye kituo cha sita Karani alikanyaga mwiba, akaanza kuchechemea. Nikaketi kwenye kibanda cha warina asali, nikatazama juu kwenye kile kichaka. Kilikuwa cheusi kama sufuria. Nikasema moyoni, mahali kama pale hapakosi mbung'o. Nikatoa penseli nikaandika: nane, tano, saba, tisa. Nikawagawa majike na madume ili ionekane kweli. Kisha nikarudi kambini kuota moto.

Wiki iliyofuata ningeweza kwenda. Lakini je, nikikuta sifuri? Mzungu aliyetusimamia angeuliza wale wa juzi wamekwenda wapi. Basi nikaandika tena nikiwa kibandani, na wiki ya tatu vilevile. Mzee Bura aliporudi kazini, mvua zilikuwa zimefunga njia ya juu, na daftari lilikuwa limeshachukuliwa.

Miezi michache baadaye ikaja amri. Eneo lote lifyekwe, pamoja na chemchemi. Jumbe alitangaza kila boma litoe mtu mwenye shoka. Na msidhani watu wote walipinga. Nagana, ugonjwa wa mifugo uletwao na mbung'o, ilikuwa imeua ng'ombe wengi, na mwezi uleule mtu mmoja wa pale alikufa kwa malale, ya mbung'o haohao. Alianza kwa homa, akaishia kulala mchana na chakula mkononi. Kaka yake aliitwa Gidamis, mtu mrefu, mkimya, aliyeheshimiwa sana na rika lake. Gidamis alisema mbele ya jumbe, "Ndugu yangu alikuwa akinywesha pale. Mimi nitakata mti wa kwanza." Nani angemjibu?

Mimi niliyajua majibu. Nilikaa nyuma ya wenzangu nikatazama miguu yangu.

Siku ya pili yake wanawake walikuja kambini. Walikuwa wengi, wamevaa ngozi zao, kila mmoja na fimbo. Mjue kwamba Wabarabaig wana baraza la wanawake, na mwanamume aliyekosea jambo la wanawake huhukumiwa nalo, naye hulipa. Hata mume jasiri akisikia limekaa hutafuta safari. Mbele yao alikuwa mjane mtu mzima, jina lake Udabasod, aliyejua Kiswahili cha mnadani Katesh.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Ndiye wewe uliyekamata nzi kwenye maji yetu?"

"Ndiye mimi, mama."

"Siku gani?"

Nikamtajia wiki zile tatu za manyunyu.

"Na ng'ombe wako?"

"Nilikuwa naye."

"Mimi huteka maji pale asubuhi na jioni," akasema. "Tope la pale najua kila kwato iliyolikanyaga. Ng'ombe wenu mwekundu mguu mmoja alikuwa hauweki chini sawasawa. Nyayo zake zilikuja mpaka kwenye kibanda cha asali, zikarudi."

Wenzake hawakuelewa Kiswahili, na Mzee Bura aliyeweza kuwatafsiria alikuwa amesimama kando yangu kimya. Nilisubiri Udabasod ageuke awaambie. Hakuwaambia. Alisema tu, "Kesho tunakuja tena. Uwe na neno." Wakaondoka.

Nilimgeukia Mzee Bura, nikaanza kusema mvua, mwiba, mgongo wake. Alinyoosha mkono kunizuia.

"Wangapi ulikamata?"

"Hakuna. Sikufika."

Aliketi juu ya gogo. Nilimwona amezeeka ghafla. "Miaka yote hii," akasema, "mimi sijui kusoma. Nilimpa penseli mtu anayejua." Halafu akanyoosha kidole kwenye turubai la yule mzungu tuliyemwita Bwana Mbung'o. "Nenda mwenyewe. Mimi siendi nawe."

Hatua zile za kutoka kwenye gogo mpaka kwenye turubai ndizo ndefu kuliko zote nilizotembea katika kazi ile, na nilitembea sana. Nilijua watu waliofungwa kwa makosa madogo kuliko langu. Bwana Mbung'o alikuwa akisafisha lenzi yake. Nilipomaliza kusema hakupandisha sauti, jambo lililonitisha zaidi.

"Mara ngapi?"

"Mara tatu, bwana."

"Leo Jumanne. Wafyekaji wanakuja Jumatatu. Watu zaidi ya mia wamekwishaitwa, na mtu amekufa. Siwezi kuwarudisha kwa sababu wewe unasema sasa ndiyo husemi uongo." Akafuta lenzi tena. "Mtakwenda pale kila siku. Mzee Bura atachora mistari yake, mmoja kwa kila mbung'o, wewe hutagusa penseli. Mkimpata mbung'o mmoja, mmoja tu, wanafyeka."

Jumatano tulikwenda. Wanawake walikuja nasi. Karani alikuwa mmoja na kichaka ni kikubwa, basi nikawafundisha namna ya pili: kitambaa cheusi kinatungikwa kwenye fito mbili, watu wawili wanakibeba wakitembea polepole, na wa tatu anafuata na wavu. Kitambaa kilitoka dukani kwa baba. Alikitoa bila kuuliza baada ya kunitazama usoni. Udabasod alikuwa hodari kuliko mimi, na sikushangaa. Mwenye kukamua ng'ombe mkorofi miaka arobaini ana mkono mtulivu. Jumatano hatukupata kitu. Nilianza kupumua.

Alhamisi, saa tano hivi, tulikuwa kwenye mkia wa kichaka, upande wa chini unaogusana na migunga. Mzee Bura alikuwa mbali na Karani. Nikaona kitu kimetua kwenye kitambaa, nikashusha wavu, nikautazama. Alikuwa mbung'o. Jike, tumbo limejaa.

Vijana wangu, nitawaambia kweli. Kidole gumba na cha pili vilikwishamshika kupitia wavu. Kumponda ni kazi ya kupepesa jicho, na hakuna mtu angejua. Hata nilijiambia kwamba hii si dhambi, ni kulipa, kwamba mimi niliyeongeza makumi, nikipunguza mmoja nitakuwa nimewatendea wema.

"Umepata nini?" Udabasod alikuwa nyuma yangu.

Nikamwonyesha. Akainama akatazama, kisha akaunyoosha mgongo wake.

"Mpeleke kwa mzee amchore."

"Mama, nikimpeleka, miti yenu imekwisha."

"Umetuandikia ambao hawakuwapo," akasema. "Sasa unataka kumfuta aliyepo. Ndugu yake Gidamis yuko kaburini. Mpeleke."

Nikampeleka. Mzee Bura alichora mstari mmoja, na jioni Bwana Mbung'o akasema lile tulilolijua: "Basi. Jumatatu."

Mtu mwingine angelala akisubiri Jumatatu. Mzee Bura asubuhi ya Ijumaa aliwakusanya wanawake, akawaambia kwa lugha yao jambo ambalo baadaye lilibadili kazi yetu yote. Alisema mbung'o hatagi mayai kama nzi wa jalalani. Huzaa funza mmoja, akamshusha kwenye udongo laini, mkavu, chini ya kivuli kizito, naye hujifukia humo akageuka kuwa kama punje nyeusi. Udabasod alikunja uso, akasema kwa lugha yao, kisha akaniambia na mimi kwa Kiswahili, "Mmoja mmoja? Huyo si nzi basi, ni ng'ombe." Wakacheka, mara ya kwanza wiki ile.

"Tutafute zizi lake," akasema Mzee Bura.

Siku mbili wale wanawake walipiga magoti mstari mmoja, wakachekecha udongo wa kichaka kizima kwa vidole, kuanzia mkiani mpaka kwenye jicho la maji. Chini, penye vichaka vidogo vilivyoshikana na magogo yaliyoanguka, tulizipata zile punje, nyingi za kujaza kiganja. Juu, chini ya mikuyu na mizeituni, ambako ng'ombe wamekanyaga udongo ukashikamana kwa unyevu wa maji, hatukupata hata moja. Mpaka ulikuwa wazi kama mstari wa jembe. Mbung'o alizaliana mkiani tu, kwenye vichaka vya chini. Hakuwa na haja na miti mikubwa.

Tulimpelekea Bwana Mbung'o zile punje na maneno ya wanawake: mkia ukatwe wote, na sehemu ya juu wao wenyewe wataondoa vichaka vidogo kila kiangazi ili upepo na jua vipite chini ya miti. Alisikiliza, akageuza punje kwenye lenzi. Nadhani aliamini. Lakini akasema, "Mimi naweza kukubali. Watu waliofiwa hawajakubali, na wao ndio wenye mashoka."

Jumatatu wakaja. Mashoka mia na zaidi, hakuna anayeimba. Wanawake walikuwa wamesimama tayari kati ya mizeituni, kila mmoja mgongo wake kwenye shina. Kuna waume waliokuwa wakiwatazama wake zao na shoka begani. Jumbe alianza kusema.

Gidamis hakumngoja. Aliingia mkiani akaanza kukata, na watu wakamfuata. Mkia ule ulianguka kabla ya saa nne. Akafika kwenye mzeituni wa kwanza, jasho linamtoka, Udabasod amesimama mbele yake. Gidamis akanitafuta kwa macho.

"Wewe mtu wa daftari," akasema. "Huku juu umekamata wangapi?"

"Hakuna hata mmoja."

"Nasikia penseli yako ilishasema uongo."

Kwa hiyo habari ilikuwa imefika. "Ni kweli," nikasema. "Mara tatu."

Alilichomeka shoka lake ardhini. "Vua shati," akasema. Naye akavua shuka lake begani. "Tutakaa humu wewe na mimi na ng'ombe wako mpaka saa kumi. Akija mmoja, naukata huu mti, na mingine yote."

Bwana Mbung'o alitikisa kichwa kukubali. Tukaketi chini ya mikuyu, migongo wazi, Karani katikati yetu. Watu wote wakakaa pembeni wakitutazama. Sijawahi kuogopa nzi kama siku ile. Kila jani lililonigusa lilinirusha moyo. Nilijua kwamba sisi hatukumkamata mbung'o pale juu, lakini nilijua pia kwamba mkia umekatwa asubuhi ile, na mbung'o aliyefukuzwa kwake huweza kuruka popote.

Saa nane ilipita. Halafu nikasikia mvumo, na kitu kikatua juu ya bega lake la kushoto. Kijivu, kikubwa. Akageuza macho tu, mkono umeshaelekea kwenye mpini wa shoka. Udabasod alifumba macho.

"Usimpige," nikasema. "Tazama mabawa. Mbung'o akitua hulaza bawa moja juu ya lingine, kama mkasi uliofungwa. Huyu je?"

Alitazama muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Yule mdudu akamuuma, damu ikatoka, naye hakutikisika.

"Yamefunguka," akasema mwishowe. "Moja huku, moja huku."

"Ni pange, nzi wa ng'ombe tu, si mbung'o."

Mzee Bura alikuja akainama, akatazama kwa jicho moja. "Pange," akasema kwa sauti ya wote kusikia. Gidamis akampiga kofi akafa, akakaa tena kama alivyokuwa. Saa kumi ilipofika, alisimama, akang'oa shoka lake, akapita katikati ya watu akaenda zake. Wenzake wakaokota mashoka yao wakamfuata.

Wanawake walitimiza ahadi yao kiangazi baada ya kiangazi. Pale mkia ulipokatwa walipanda mizeituni, wakiachanisha mbalimbali. Mbegu waliokota chini ya matawi wanayolala ndege, kwa sababu iliyopita tumboni mwa ndege huota mapema. Ninyi mnaotumia mbegu iliyochumwa moja kwa moja juu ya mti, ilowekeni, isugueni nyama yote itoke, ganda mligonge kidogo tu lipate ufa, halafu muwe na subira. Na baraza lao halikunisahau. Liliketi, likaniamuru kutoa fahali mweusi asiye na doa kwa uongo wangu juu ya maji yao. Baba alimtafuta fahali yule mpaka Katesh, na alilalamika mpaka alipofariki.

Kazini sikufukuzwa, lakini mwaka mzima nilibeba kitambaa tu, na Mzee Bura akachora mistari yake. Alipostaafu, Bwana Mbung'o alitaka mtu wa kuchukua nafasi yake. Aliyejitokeza kambini kuomba kazi alikuwa Gidamis. Penseli ikarudishwa kwangu kwa sharti moja, kwamba kila jioni nimsomee Gidamis namba zote na yeye aweke dole gumba chini ya ukurasa.

Tulitembea pamoja miaka tisa. Hatukuwa marafiki, sijui niseme tulikuwa nini. Hakuwahi kunitajia lile jambo. Lakini kila jioni, nikishamaliza kusoma kituo cha kwanza mpaka cha mwisho, kidole chake kikiwa tayari kwenye wino, alinitazama na kuuliza, "Hapo juu ulifika?" Alikuwa na mimi mchana kutwa, alijua. Nami nilijibu, "Nilifika." Ndipo akaweka dole.